Homa ya malaria inaletwa na mdudu au na mwili wenyewe? Wataalamu njooni

#1 Mkaanga Sumu wa Tandika
Wakuu, habari za jioni.

Juzi nilikuwa napiga soga na jamaa mmoja wa maabara, akasema jambo likanikaa kichwani. Anadai ile homa ya malaria, kutetemeka, kichwa kugonga na viungo kuuma, mdudu hahusiki moja kwa moja. Mdudu yeye yumo ndani ya chembe nyekundu anakula. Hayo mengine yote yanafanywa na mwili wako mwenyewe, kwa protini ambazo seli nyeupe zinamwaga kwenye damu ili kuambiana kuna adui. Anaziita saitokini.

Nikamuuliza, sasa mbona mimi na shemeji yangu tulipimwa siku moja, wote kipimo kikasoma tunao, mimi nikajikunyata na mablanketi mawili huku yeye (katoka Kilosa mwezi uliopita) anakula ugali na kuangalia mpira? Akacheka, akasema hapo ndipo penye utamu, akapanda daladala.

Nauliza: ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini tunameza panadol kuzima kitu ambacho mwili umekiwasha makusudi?

#2 Mlalahoi 88
Shemeji alikuwa anasubiri urithi. Endeleeni.

#3 Maabara Mwisho wa Lami
Jamaa yako hajakosea. Mdudu wa malaria wa aina ya falsiparamu akishaingia kwenye chembe nyekundu anazaliana humo kwa saa kama 48, na muda huo wote mwenye mwili hana habari. Kasheshe inaanza chembe zinapopasuka. Wanatoka wadudu wapya, kati ya 16 na 32 kwa kila chembe, na pamoja nao zinamwagika takataka zao: vipande vya utando, na ule unga wa kahawia tunaouona kwenye darubini, hemozoini, ambao ni mabaki ya himoglobini waliyoila.

Makrofeji, seli nyeupe zinazomeza uchafu, zikikutana na takataka hizo zinatoa saitokini kama TNF, intalukini-1 na intalukini-6. Ujumbe ukifika kwenye haipothalamasi huko ubongoni, inatengenezwa prostaglandini, na hiyo ndiyo inayopandisha kiwango cha joto ambacho ubongo unakihesabu kuwa cha kawaida. Una 37, ubongo unataka 39, basi utasikia baridi kali hata kama ni saa saba mchana Tandika. Misuli inatetemeka ili itengeneze joto. Ukifika 39 baridi inakata, unabaki unawaka. Ubongo ukishusha tena kiwango, unatoka jasho unalowa shuka.

Kuhusu panadol nitarudi, kuna foleni dirishani.

#4 Mzee wa Pavia
Kuongezea #3. Uhusiano wa kupasuka kwa chembe na kupanda kwa homa aliuonyesha Mwitaliano Camillo Golgi miaka ya 1880. Homa inakuja kila chembe zinapopasuka, ndiyo maana zamani waliita homa ya siku ya tatu na homa ya siku ya nne. Kwa hiyo mtu akiwa na malaria homa lazima ije kwa zamu.

#5 Nesi wa Zamu ya Usiku
#4 hiyo "lazima" iondoe, utaua mtu. Falsiparamu, ambaye ndiye mwingi huku kwetu, mara nyingi hafuati zamu yoyote, hasa siku za mwanzo, kwa sababu wadudu hawapasui chembe kwa pamoja. Mtoto anaweza kuwa na homa mfululizo, au akaja hana homa kabisa ila analegea na kutapika. Ukisubiri siku ya tatu ifike ndipo upime, unachelewa.

#6 Mzee wa Pavia
Nesi, mimi nilikuwa naeleza historia, si kutibu.

#7 Ustadh wa Kisauni
Salaam kutoka Mombasa. Sisi wengine hatukusoma sayansi, ila naielewa hivi: mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Seli iliyomwona adui inapiga mbiu. Za jirani zinafunga milango, za mbali zinakuja mbio, na mji mzima unaacha kazi. Ndiyo maana mtu anakosa hamu ya kula, anakosa usingizi mzuri, anataka kulala tu. Nimekosea wapi?

#8 Maabara Mwisho wa Lami
Ustadh hujakosea, ila wapiga mbiu ni wengi na kila mmoja ana lake. Za jirani kufunga milango, hiyo ni interferoni, na kazi yake hasa ni kwa virusi. Seli iliyoingiliwa na kirusi inaitoa, seli za pembeni zikiipokea zinaanza kutengeneza protini za kumzuia kirusi asizaliane hata kabla hajafika. Wanaokuja mbio wanaitwa na kundi la kemokini. Intalukini-8 kwa mfano inavuta nyutrofili, aina ya seli nyeupe, mpaka mahali penye jeraha, ndiyo asili ya usaha. Intalukini-2 inazifanya seli T, nazo ni aina ya seli nyeupe, zizaliane. Intalukini-4, 5 na 13 zinahusika na minyoo, na kwa bahati mbaya zinahusika pia na pumu na mzio. Intalukini-6 inaliambia ini litoe protini ya CRP, ile inayopimwa kwenye kipimo mnachoandikiwa hospitali kubwa. Na intalukini-10 inasema jamani basi, tulieni.

Kingine: hazifanyi kazi moja tu. Protini moja kwenye seli hii inasema zaliana, kwenye seli nyingine inasema kufa.

#9 Mtoto wa Gongo la Mboto
Interferoni si waligundua Wamarekani? Niliona kwenye video.

#10 Mzee wa Pavia
Hapana. Ni London, Mill Hill, mwaka 1957. Alick Isaacs wa Uingereza na Jean Lindenmann wa Uswisi. Walichukua utando wa yai la kuku, wakauwekea virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto, kisha wakakuta maji yaliyozunguka utando ule yanaweza kukinga utando mwingine usiambukizwe. Kitu kilichokuwemo kwenye maji hayo wakakiita interferoni. Nesi, hii nayo si matibabu.

#11 Nesi wa Zamu ya Usiku
Leo umepona.

#12 Bi Mlonge Asilia
Wapendwa, mkielewa hayo ndipo mtajua umuhimu wa kuongeza kinga. Nina unga wa mlonge, tangawizi na kitunguu saumu, unaongeza kinga ya mwili maradufu ndani ya wiki. Njoo inbox, mikoani tunatuma.

#13 Kifaru Mpole
Bi Mlonge, mama, kinga maradufu siitaki hata bure. Mwezi Machi 2006, London hiyohiyo, vijana sita wenye afya zao walichomwa dawa ya majaribio iliyoitwa TGN1412, iliyotengenezwa ili iamshe seli T. Dozi ilikuwa ndogo mara 500 kuliko ile ambayo wanyama waliivumilia bila shida. Ndani ya saa moja na nusu walianza kuumwa kichwa na mgongo, homa ikapanda, presha ikashuka, baadaye mapafu na figo vikaanza kushindwa. Hapakuwa na mdudu hata mmoja mwilini. Ni saitokini tupu. Wote walitoka hai ila mmoja wao alipoteza vidole vya miguu na ncha za vidole vya mikono.

Huo mlonge wako ule kama mboga, mtamu na karanga.

#14 Mlalahoi 88
Bi Mlonge rudisha nauli yetu.

#15 Mnyamwezi Ughaibuni
#13 umegusa. Wakati wa korona hospitali ninakofanya usafi huku Ulaya, kila mtu alikuwa anasema "dhoruba ya saitokini". Kwamba kirusi kinakuwa kimepungua lakini mwili haujaacha kupiga mbiu ya Ustadh. Walikuwa wanawapa deksamethasoni, dawa ya siku nyingi na ya bei rahisi.

#16 Kifaru Mpole
Ndiyo. Jaribio kubwa la Uingereza la RECOVERY lilitoa majibu Juni 2020: kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia vifo vilipungua kwa kama theluthi moja, kwa waliokuwa kwenye oksijeni kama moja ya tano. Kwa ambao hawakuhitaji oksijeni haikuwasaidia, na huenda iliwaumiza. Baadaye ikaja tosilizumabu, inayoziba masikio ya seli zisiipokee intalukini-6, nayo ikasaidia waliozidiwa.

Ila hilo neno "dhoruba" lina wapinzani. Kuna waliopima intalukini-6 kwa wagonjwa mahututi wa korona wakakuta iko chini sana kuliko ya wagonjwa wa sepsisi, yaani maambukizi yaliyouelemea mwili mzima. Wanasema tatizo kubwa lilikuwa interferoni kuchelewa mwanzoni, si mbiu kuzidi mwishoni. Wengine wanasema ni damu kuganda. Mabishano hayo hayajaisha.

#17 Mkaanga Sumu wa Tandika
Asanteni, nasoma yote. Ila shemeji mmemsahau. Na panadol.

#18 Maabara Mwisho wa Lami
Nimerudi. Panadol kwanza. Inapunguza utengenezaji wa prostaglandini, kwa hiyo inakata waya wa mwisho tu. TNF na wenzake wanaendelea kuwepo, mdudu naye anaendelea kula. Ndiyo maana homa inashuka kisha inarudi dawa ikiisha nguvu.

Je, inadhuru? Mwaka 1997 watafiti walitoa matokeo kutoka Gabon: watoto wenye malaria waliopewa dawa ya malaria pamoja na parasetamoli (ndiyo hiyo panadol) walichukua wastani wa saa 75 kumaliza wadudu kwenye damu, waliopewa dawa ya malaria peke yake saa 59. Watoto walikuwa 50 tu. Na 2009 ikaja nyingine ya Jamhuri ya Cheki, watoto wachanga waliopewa parasetamoli ya kuzuia homa wakati wa chanjo walitengeneza kingamwili kidogo kuliko wenzao.

Chukueni na hii ya mijusi. Mwaka 1975 Mmarekani Matthew Kluger na wenzake waliwaambukiza bakteria mijusi wa jangwani. Mjusi hana joto lake, akiugua anatafuta jua. Waliowekwa mahali pa joto la homa walipona wengi, waliozuiwa wasipate joto wakafa wengi. Kwangu mimi hiyo inatosha kusema homa ina kazi.

#19 Nesi wa Zamu ya Usiku
Kaka Maabara, mjusi hana mama anayelia wodini. Mimi nampa mtoto panadol kwa sababu akipoa anakunywa maji, ananyonya, anameza dawa mseto bila kuitapika. Shirika la Afya Duniani bado linaruhusu. Hizo saa 16 za Gabon hazikumuua mtoto yeyote. Kosa ni kutoa panadol badala ya kupima. Wapo wanaomeza siku nne, homa inapanda inashuka, wanakuja wamekuwa njano.

Na panadol haizuii degedege kama wengi wanavyodhani. Degedege ya homa inaweza kuja hata mtoto kapewa.

#20 Mfugaji wa Mvomero
Nachangia kwa upande wa mifugo. Ng'ombe akipata ndigana kali jambo la kwanza anaacha kula, masikio yanalala, anajitenga na kundi. Mzee wangu alikuwa anasema usimlazimishe majani, anajitibu. Nimekuja kusoma kuwa hata wanasayansi wanasema hivyo.

#21 Kifaru Mpole
Mfugaji, huyo ni Benjamin Hart, daktari wa mifugo wa California, aliandika 1988 kwamba kulala, kujitenga na kukosa hamu ya kula ni mpango wa mwili, si udhaifu. Na kweli ukimchoma panya intalukini-1 peke yake, bila mdudu, anafanya yote hayo.

Lakini kuna upande wa pili nao umetoka kwenye ugonjwa wa mifugo. Anthony Cerami huko New York alikuwa anachunguza sungura walioambukizwa tripanosoma, jamii ya wadudu wa malale na nagana. Sungura wana wadudu wachache lakini wanakonda kufa. Wakatafuta kinachowakondesha, wakapata protini wakaiita kakektini. Mwaka 1985 Cerami na Bruce Beutler wakaonyesha kuwa kakektini na TNF ni kitu kilekile, ile TNF ambayo wengine walishaipa jina 1975 kwa sababu ya kuua uvimbe wa saratani kwa panya. Sasa mnyama anakonda mpaka mifupa, huo mpango gani?

#22 Mfugaji wa Mvomero
Siku mbili tatu ni mpango. Mwezi mzima ni ajali.

#23 Ustadh wa Kisauni
#22 hilo nimelinunua.

#24 Kifaru Mpole
Mimi sijalinunua bado. Inawezekana si mpango kabisa, ni gharama tu ya kupigana ambayo mwili haujapata njia ya kuikwepa. Na ule utafiti wa mijusi wa #18, mjusi kukaa juani ni tofauti na mtu mwenye TNF kwenye damu ya ubongo.

#25 Msambaa Kindakindaki
Turudi kwa shemeji. Jibu liko wazi: ana kinga ya mazoea. Kilosa kaumwa na mbu tangu mtoto, ana kingamwili za kumwaga. Wewe Tandika unalala na feni.

#26 Maabara Mwisho wa Lami
Kingamwili zina sehemu yake lakini hazimalizi swali, kwa sababu mtu mzima wa sehemu zenye malaria nyingi anaweza kuwa na wadudu wengi tu kwenye damu na asihisi kitu, wakati mgeni akiwa na wachache sana tayari anatetemeka. Kwa hiyo mbali na kuua wadudu kuna kuwavumilia. Makrofeji za mtu aliyeumwa mara nyingi zinapunguza TNF zikikutana tena na takataka zilezile, na intalukini-10 inakuwa juu. Watafiti wa Ghana na wa magharibi mwa Kenya waliona miaka ya 1990 kwamba watoto wa malaria wenye upungufu mkubwa wa damu ndio waliokuwa na intalukini-10 ndogo ukilinganisha na TNF yao.

Kwa hiyo shemeji huenda si kwamba ana kinga kali. Ana kinga iliyojifunza kunyamaza.

#27 Mama Wawili Korogwe
Je, damu yake AS? Mume wangu ana chembechembe za selimundu za upande mmoja, sijawahi kumwona amelazwa kwa malaria. Mimi kila masika.

#28 Mzee wa Pavia
Swali zuri la Mama Wawili. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ndiye aliyeonyesha 1954 kwa kazi aliyoifanya Afrika Mashariki kwamba wenye selimundu ya upande mmoja wanakingwa na malaria. Namna gani wanakingwa, mpaka leo kuna maelezo kama manne: mdudu anakua vibaya ndani ya chembe hizo, chembe zinaondolewa mapema na wengu, mdudu anashindwa kuifanya chembe inate kwenye kuta za mishipa, na kuna waliotafiti panya wakasema himoglobini hiyo inauzoesha mwili kuvumilia madhara hata wadudu wakiwa walewale. Chagua.

#29 Kituo cha Afya Bahi
Samahani kwa kuingilia, ila mmekwenda mbali kabla ya kuuliza jambo la kwanza. Walipimwa kwa kipimo gani? Kama ni kile cha haraka cha kidole, kinasoma protini ya mdudu inayoitwa HRP2, na hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Shemeji kama alitibiwa Kilosa mwezi uliopita, kipimo kitasoma na wadudu hana. Hapo hakuna uvumilivu wala intalukini-10. Ni mistari miwili tu kwenye plastiki.

#30 Mkaanga Sumu wa Tandika
Kilikuwa cha haraka. Na ndiyo, alimeza mseto huko kwao.

#31 Mlalahoi 88
Uzi umeanguka kwa mlango wa nyuma.

#32 Kituo cha Afya Bahi
Ngoja nikuongezee presha. Hata wewe mwenye mablanketi, mistari miwili haithibitishi kwamba homa ilikuwa ya malaria. Unaweza kuwa na wadudu wachache waliokaa zao kimya, homa ikawa ya mafua, dengi au kitu kingine. Moshi walichunguza wagonjwa 870 wa homa waliolazwa hospitali mbili mwaka 2007 na 2008. Asilimia 60.7 waliandikiwa malaria. Ambao kweli ilikuwa malaria ni asilimia 1.6. Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, leptospira, homa za kupe, chikungunya.

Na hapo ndipo tatizo la saitokini: zote hizo zinapiga TNF ileile na intalukini-6 ileile. Mgonjwa anasikia kitu kimoja.

#33 Mkaanga Sumu wa Tandika
Kwa hiyo sijui hata nilichougua?

#34 Nesi wa Zamu ya Usiku
Ulimeza mseto ukapona, kunywa maji ulale. Moshi malaria ni chache, hiyo asilimia usiipeleke Kilosa wala Geita.

#35 Kituo cha Afya Bahi
Nesi ni kweli, nilitaka tu watu waache kusema "malaria yangu naijua".

Huku Dodoma tuna homa ya papasi, wanaoishi nyumba za udongo wanaijua. Homa inakuja siku chache, inaondoka, inarudi, kwa sababu bakteria anabadilisha koti lake kila kinga inapomzoea. Cha ajabu ni siku ya kutibu. Unamchoma mgonjwa penisilini, ndani ya saa chache anatetemeka kuliko alivyokuja, joto linapanda, presha inashuka. Ndugu wanasema nesi kamchoma sumu. Ni bakteria wanakufa kwa mkupuo na TNF inapanda. Addis Ababa, kwa homa ya aina hiyo inayoletwa na chawa, miaka ya 1990 walijaribu kumpa mgonjwa kingamwili za kuzima TNF kabla ya penisilini, na kutetemeka kukapungua.

#36 Ustadh wa Kisauni
Basi malaria nayo si wafanye hivyo hivyo? Wazime TNF, mtoto asife.

#37 Kifaru Mpole
Walifanya, Gambia, watoto wenye malaria ya kichwa. Homa ilishuka. Vifo havikupungua, na waliobaki na ulemavu wa neva wakawa wengi zaidi kwa waliopewa dawa. Yametoka 1996. Hapo wakagawanyika: wapo wanaosema dawa ilichelewa, mbiu ilishapigwa. Wengine wanasema malaria ya kichwa ni chembe zenye wadudu kuziba mishipa midogo ya ubongo, TNF ni msindikizaji. Na wengine kwamba TNF hiyohiyo ndiyo inayosaidia kumuua mdudu, ukiizima umemfungulia.

#38 Yabisi Mguu Mmoja
Naunga mkono hilo la mwisho. Nina yabisi ya viungo, ile ya kinga kujishambulia. Kabla ya kuanzishiwa sindano ya kuzuia TNF nilipigwa picha ya kifua na kupimwa TB mara kwa mara, nikaona wananisumbua. Daktari akanieleza kuwa TB iliyolala imezungushiwa uzio wa seli ndani ya pafu na TNF ndiyo inayoushikilia. Ukiiondoa uzio unabomoka. Waliligundua 2001, dawa ilikuwa tayari sokoni, wagonjwa wa yabisi wakaanza kuamka na TB.

Viungo vyangu ni vizuri sasa. Ila nikikohoa wiki moja tu, nakimbia.

#39 Mdau Aliyekaa Kimya
Mimi kinyume chake. Nilianza ARV nikiwa na TB, nikiwa nimeisha kabisa. Wiki ya tatu tezi za shingo zikavimba kama mayai, homa juu, nikajua dawa zimenikataa na nikataka kuziacha. Mshauri nasaha akasema usiache, ni kinga yako imeamka imeona TB iliyokuwepo siku zote. Walinipa dawa za kutuliza, tezi zikashuka. Sasa najiuliza, wakati ule nikiwa hoi bila homa, nilidhani siumwi sana.

#40 Nesi wa Zamu ya Usiku
Asante kwa hili #39. Wangapi wameacha dawa wiki hiyohiyo.

#41 Mnyamwezi Ughaibuni
Naombeni msaada na langu. Hospitali moja huku walinipima damu, wakaniambia nyutrofili ziko chini, wakanirudisha mara kadhaa, wakanipima HIV, wakazungumzia uboho. Miezi. Mwisho daktari kijana mwenye asili ya Naijeria akauliza: mmempima Dafi? Kumbe ni kawaida yangu. Sikuelewa vizuri.

#42 Maabara Mwisho wa Lami
Hiyo inaingia humuhumu kwenye mada. Dafi ni protini iliyo juu ya chembe nyekundu na kazi yake ni kukamata kemokini, zile zinazoita seli nyeupe. Vaivaksi, ndugu yake falsiparamu, anaitumia kama mlango wa kuingilia. Waafrika wengi, kuanzia magharibi mpaka huku kwetu, chembe zetu nyekundu hazina Dafi. Ndiyo maana vaivaksi ni adimu kwetu. Gharama yake, kama ni gharama, ni nyutrofili kuhesabika chache kwenye damu inayozunguka. Mtu haugui zaidi. Lakini viwango vya kawaida vya vitabu vilipimwa kwa Wazungu.

#43 Msambaa Kindakindaki
Kwa hiyo Mwafrika hapati vaivaksi kamwe. Safi.

#44 Kituo cha Afya Bahi
Kamwe hapana. Madagaska wamekutwa wasio na Dafi wana vaivaksi, na Ethiopia pia. Mdudu anatafuta mlango mwingine.

#45 Mtoto wa Gongo la Mboto
Swali la mwisho kabla sijalala. Wanasema zamani Ulaya watu walitibiwa kwa kuambukizwa malaria makusudi. Ni chai?

#46 Mzee wa Pavia
Si chai. Julius Wagner-Jauregg wa Vienna, tuzo ya Nobeli 1927. Wagonjwa wa kaswende iliyofika ubongoni aliwapa malaria ya vaivaksi, homa ikipanda mara kadhaa anawapa kwinini. Baadhi walipata nafuu, wengine walikufa kwa malaria yenyewe. Ilitumika mpaka penisilini ilipofika.

#47 Kifaru Mpole
Na hadi leo hakuna aliyethibitisha kama kilichofanya kazi ni joto lenyewe kuua bakteria wa kaswende, au saitokini kuamsha kinga iliyokuwa imelala. Wa joto wana hoja, yule bakteria kweli hapendi joto.

#48 Maabara Mwisho wa Lami
Joto. Kumbuka mijusi.

#49 Kifaru Mpole
Umeanza tena na mijusi yako.

#50 Mkaanga Sumu wa Tandika
Nimeongea na shemeji, kakubali kwenda kupima kwa darubini na kipimo cha selimundu, nauli natoa mimi. Majibu yakija nitaweka hapa.

#51 Mama Wawili Korogwe
Akienda mwambie Maabara asilale, mimi nina la ujauzito bado. Mimba ya kwanza malaria ilinilaza mara mbili na mtoto akazaliwa mdogo, mimba ya pili sikuguswa. Nilidhani ni chandarua.

#52 Nesi wa Zamu ya Usiku
Chandarua na vile vidonge vya SP vya kuzuia malaria mnavyopewa kliniki vimesaidia. Ila mimba ya kwanza ina mambo yake: mdudu ananata kwenye kondo la nyuma, mahali ambapo mwili haujawahi kumwona. Kisumu walipima kondo za akina mama, zenye TNF nyingi ndizo zilizoambatana na watoto wa uzito mdogo. Mimba ya pili mwili unakuwa umeshatengeneza kingamwili za huyo anayenata. Fungua uzi wake Mama Wawili, huu Mlalahoi ameshauharibu.

#53 Mlalahoi 88
Mimi tena?